Jinsi ya kusikiliza kriketi ya siku tano redioni wakati timu mgeni inachapwa

Watu wengi wakitaka kuijua kriketi wanaanzia kwenye hizi fupi za T20 za kwenye tv, mipira inaruka jukwaani, muziki, masaa matatu na kitu mambo kwisha. Mi nasema hivi, kama unataka kuielewa kweli anza na redio, tena mechi ndefu ya siku tano, tena tafuta mfululizo wa mechi kadhaa ambao timu mgeni inachapwa mpaka huruma. Najua hapo ushaniona chizi ila nipe nafasi.

Sababu yenyewe ni moja. Timu zikiwa nguvu sawa mtangazaji hana muda na wewe, anakimbizana na mpira. Ila mgeni akishazidiwa, siku bado ndefu, kuna ova 90 za kumaliza (ova moja ni mipira sita ya kurushwa), mtangazaji na mchambuzi wake inabidi wajaze masaa, kwa hiyo wanaanza kuchimba, huyu kwa nini miguu haitembei, kapteni kwa nini kamweka mtu kule, mpira wa nchi hii una nini. Darasa la bure. Na wiketi zikidondoka kila mara, yaani wapigaji wakitolewa, unajua haraka njia zote za mtu kutoka.

Mi nilijifunza hivyo. Mwaka 2013 nilikuwa mlinzi shifti ya usiku kwenye jengo moja Upanga hapa Dar, kuna babu wa ghorofa ya tatu usingizi ulikuwa haumpati, alikuwa anashuka na simu kachomeka kwenye spika ndogo, anakaa na mimi pale kibandani. England walikuwa wameenda Australia kucheza Ashes, ule mfululizo wa mechi tano wanaogombania wao kwa wao. Mi kriketi nilikuwa naijua kwa kupita tu pale klabu ya Gymkhana naona watu wamevaa nyeupe wamesimama kama wanasubiri basi. Sasa asubuhi ya Ijumaa moja, Novemba, mechi ya Brisbane siku ya pili, babu anashika kichwa, anaguna, baada ya muda anaguna tena, nikamuuliza Mzee kuna msiba? Akasema upo, wa England. Walikuwa na mikimbio (ndo pointi za kriketi) 82 kwa wiketi 2, wakafika 91 wiketi 8. Yaani watu sita wametoka kwa mikimbio tisa. Babu akachukua njiti tatu za kiberiti akazichomeka kwenye ile ndoo ya mchanga ya zimamoto, akaweka mbili nyingine kwa mbele, akaanza kunionyesha. Shifti yangu ilikuwa imeisha saa kumi na mbili ila nikabaki mpaka mke wake akapiga simu kuuliza kama yuko hai.

Haya, sasa mambo yenyewe.

Kwanza saa. Hapa wengi wanafeli maana'ke wanaangalia ratiba ya huko bila kugeuza. Brisbane wanaanza saa 4 asubuhi yao ambayo kwetu ni saa tisa usiku. Melbourne na Sydney wakati wa Krismasi na mwaka mpya wanasogeza saa mbele, kwa hiyo mechi ikianza saa nne na nusu yao, huku ni saa nane na nusu usiku. Perth ndo ya binadamu, inakuja saa kumi na moja na kitu alfajiri, unaamka nayo. Adelaide wakicheza ile ya taa na mpira wa pinki unasikiliza huku unakunywa chai, hiyo haina shida kabisa. Siku imegawanywa mara tatu, masaa mawili mawili, katikati kuna lanchi ya dakika 40 na chai ya dakika 20. Lanchi ya Brisbane ni saa kumi na moja kamili ya huku, babu alikuwa anasema ratiba hiyo kaipanga mtu anayejua swala, anaenda msikitini anarudi hajapoteza hata mpira mmoja.

Usijilazimishe kukesha siku zote tano. Chagua. Mi nakushauri saa ya kwanza ya siku ya kwanza, hiyo usikose kwa gharama yoyote, alafu kipindi cha baada ya lanchi siku ya pili au ya tatu, ndo hapo wageni huwa wanabomoka. Saa ya kwanza inakwambia mengi sana. Mwaka 2006 pale pale Brisbane mpira wa kwanza kabisa wa mfululizo Steve Harmison wa England aliurusha ukaenda upande mpaka ukadakwa na mwenzake Andrew Flintoff aliyekuwa slipu ya pili, wale wanaosimama pembeni ya kipa nyuma ya mpigaji, tena Flintoff ndo kapteni. Mpira haujamkaribia hata mpigaji! England wakafungwa 5-0. Mwaka 2021 pale pale tena, mpira wa kwanza Mitchell Starc wa Australia akamng'oa Rory Burns vile vijiti vitatu vya nyuma yake, katoka, England wote nje kwa 147 siku hiyo hiyo, mwisho wa mfululizo 4-0. Sisemi mpira mmoja ndo unafungisha mechi tano, ila sauti ya mtangazaji kwenye mpira ule ukiisikia mwenyewe haitoki kichwani.

Bando. Mi saivi natengeneza simu kwa hiyo hili naulizwa kila siku. Redio ya intaneti haili kama video, watu wanaogopa bure. Ikiwa inatiririka kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni kama MB 29 kwa saa, ikiwa 128 zidisha mara mbili. Siku nzima ya kriketi kwa ile ya chini ni kama MB 200, ukinunua bando la usiku haikuumizi. Nenda kwenye mipangilio ya programu kama ina sehemu ya ubora wa sauti weka chini, sauti ya mtu anaongea haihitaji ubora wa muziki. Zima kioo. Na programu nyingine zote zisizohusika zifungie data ya nyuma ya pazia, maana utaamka ukute bando limeliwa na picha za magrupu.

Stesheni zipo mbili kubwa za kujua. Waingereza wana Test Match Special ya BBC, watu wanaita TMS, ipo toka 1957. Waaustralia wana ABC. Kuna kitu kinaitwa haki za matangazo, kwa hiyo mfululizo mwingine utafungua stesheni ukute muziki au ujumbe unajirudiarudia kwamba huku ulipo haupatikani, usiitupe simu, jaribu programu ya bodi ya kriketi ya nchi wenyeji, au subiri podikasti ya TMS ya jioni inayokusanya siku nzima. Kwa anayeanza podikasti hata ni nzuri zaidi, dakika chache na maelezo yameiva. Ipo na Stumped ya BBC World Service wanayofanya pamoja na ABC na redio ya India, hiyo inaongelea dunia nzima sio Ashes tu.

Sasa tofauti ya hizo mbili, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu mimi ilinitesa mwezi mzima. Waingereza wanataja mikimbio kwanza, wiketi baadae, 120 kwa 3. Waaustralia wanageuza, 3 kwa 120. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema tatu kwa mia na ishirini usidhani timu ina mikimbio mitatu. Namba zikiwa mbali mbali hamna tabu, tabu ni mwanzo wa mechi, mtu anasema nne kwa tano, sasa nne ni nini na tano ni nini? Kanuni yangu ni hii, sikiliza lafudhi kwanza, alafu namba. Kama mtangazaji ni Jim Maxwell, mzee wa ABC toka 1973, wiketi iko mbele. Kama ni Jonathan Agnew wa BBC, wiketi iko nyuma. Wakialikana kwenye kibanda kimoja cha matangazo, na huwa wanaalikana kweli, hapo shika daftari lako mwenyewe usimtegemee mtu.

Zijue sauti. TMS mtangazaji anakaa kama dakika 20 anampisha mwingine, na kila mmoja ana mchambuzi pembeni ambaye kawaida ni mchezaji wa zamani. Mtangazaji anakwambia nini kimetokea, mchambuzi anakwambia kwa nini. Mgeni akianza kufungwa msikilize zaidi mchambuzi wa upande wa mgeni. Geoffrey Boycott, mpigaji wa zamani wa England, mpaka alipoacha 2020 alikuwa hafichi, mtu wake akicheza ovyo anamchana hapo hapo. Upande wa pili Glenn McGrath, yule mrushaji wa Australia, kila Ashes ikikaribia anatabiri 5-0, watu wanacheka, na mara mbili imetokea kweli, 2006-07 akiwa mwenyewe uwanjani na 2013-14 keshastaafu.

Chora yai. Serious, usianze bila hili. Chukua boksi la viatu kata upande mmoja, chora yai kubwa, katikati kamstari kafupi ka pichi, pale mrushaji na mpigaji wanapotazamana, ile pichi ni yadi 22, kama mita 20 hivi. Juu ya kamstari andika mpigaji, chini andika mrushaji. Kama mpigaji anatumia mkono wa kulia, upande wa kushoto wa karatasi yako ni of, upande wa kulia ni legi. Nyuma ya mpigaji yupo kipa, pembeni yake upande wa of wamejipanga slipu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, alafu gali. Ukishuka kushoto unakuta pointi aliyelingana na mpigaji, kava chini yake, midi-ofu karibu na mrushaji. Kulia kutoka chini kwenda juu ni midi-oni, midiwiketi, skweya legi. Kule juu kabisa kwenye mpaka, kushoto tadi meni, kulia faini legi. Basi. Hayo yanakutosha mechi nzima. Akija mpigaji wa mkono wa kushoto geuza boksi litazame kwa nyuma, mi nilitoboa matundu kwa msumari kila nafasi ili nikigeuza nione.

Ukishakuwa na boksi, ukisikia kapteni katoa mtu slipu ya tatu kampeleka mpakani, unaweka kidole pale unaona kabisa kaogopa. Hii ndo namna ya kuona kwa masikio. Timu mgeni ikiwa inarusha na watu wake wanaanza kuhama kutoka karibu na mpigaji kwenda mpakani, mmoja mmoja, bila mtu kutangaza lolote, jua washakata tamaa ya kutoa wiketi wanazuia mikimbio tu.

Daftari. Kila ova ina mipira sita. Bila mkimbio weka nukta, mkimbio andika namba, wiketi andika W. Ova yenye nukta sita ni meideni, ziunganishe nukta ziwe herufi M. Ni kazi ndogo lakini inakufanya usisinzie, na baada ya lisaa ukitazama ukurasa unaona hadithi yenyewe, nukta nukta nukta nukta, hapo mpigaji anabanwa, anataka kupumua, na W inayofuata mara nyingi imetokana na zile nukta. TMS walikuwa na mtunza hesabu wao Bill Frindall, alikaa kwenye kiti hicho toka 1966 mpaka alipofariki mwanzoni mwa 2009, anaandika kila mpira kwa kalamu za rangi. We kalamu moja ya bluu inatosha.

Sasa tufike penyewe, dalili za mgeni kuzidiwa. Nitazitaja kama zinavyokuja kichwani.

Uwanja unasikika kabla ya mtangazaji. Maikrofoni zinashika watu wa jukwaani, kwa hiyo ile aaah ya watu elfu tisini Melbourne unaipata nusu sekunde kabla hujaambiwa kitu. Ukiisikia inaanza chini inapanda, mpira umegusa ncha ya beti (lile gongo) ya mpigaji mgeni. Ukisikia imekatika ghafla, slipu kauangusha. Baada ya wiki mbili utakuwa unajua mtu katoka kabla ya kuambiwa, utajiona mganga.

Watangazaji wanaanza kuongelea keki. Hapa usicheke, TMS wasikilizaji wamekuwa wakiwatumia keki miaka na miaka, na wakishaanza kuisifia ya ndizi au ya chokoleti, mara njiwa wa uwanjani, mara ndege ametua karibu na kava, jua mchezo umelala, wenyeji wanapiga tu, mgeni anakimbiza mpira juani. Watu wengi hapo wanazima. Usizime! Hapo ndo wanakumbukana, wanasimulia ziara za zamani, ndo unajifunza historia bila kusoma.

Wanaanza kuuliza mvua. Timu ngumu haiulizi mvua. Ukisikia mchambuzi wa England anataja wingu, hata kama ni dogo liko baharini huko, keshaomba dua moyoni.

Wanahesabu ova kuelekea mpira mpya. Baada ya ova 80 timu inayorusha inaruhusiwa kuchukua mpira mpya. Mgeni akiwa anarusha na mpira umechakaa utasikia watangazaji wanahesabu 74, 75, 76 kama mtu anasubiri mshahara. Na hapa kuna sababu ya kweli ya kwa nini Waingereza wanateseka Australia, ambayo mi naona ni kubwa kuliko jua na kelele za watu. Kwao England wanatumia mpira wa Dukes, mishono yake yote sita imeshonwa kwa mkono, inasimama muda mrefu, mpira unapinda hewani na kukata ukigusa chini mpaka jioni. Australia ni Kookaburra, mishono ya katikati tu ndo ya mkono, ya nje ni ya mashine, inalala mapema. Kwa hiyo mrushaji ambaye nyumbani ni moto, huku baada ya ova kumi na tano ishirini anarusha jiwe. Pichi nazo ngumu, mpira unadunda mpaka kifuani kwa mtu aliyezoea udunde kiunoni. Mwaka 2013 Mitchell Johnson wa Australia aliwamaliza kwa hiyo hiyo, wiketi 37 kwenye mechi tano, chini ya mikimbio 14 kwa kila wiketi.

Alafu kuna neno nililipenda toka siku ya kwanza. Jioni ikikaribia, mpigaji mzuri akitoka, timu inaogopa kupoteza mzuri mwingine gizani, inamtuma mrushaji asiyejua kupiga aende akakae tu mpaka kesho. Huyo wanamwita mlinzi wa usiku. Babu aliponitafsiria nilicheka mpaka nikakaa chini, nikamwambia Mzee basi na mimi niko kwenye timu. Ukisikia mgeni ametuma mlinzi wa usiku ujue hofu imeshaingia ndani. Na mara nyingi hata haimsaidii, Melbourne 2021 England walimtuma Jack Leach, Scott Boland wa Australia akarusha, Leach akauacha upite, ukapita mpaka kwenye vijiti. Sifuri. Kesho yake kabla ya lanchi mambo yote kwisha, England wote 68, Boland wiketi 6 kwa mikimbio 7. Mi usiku ule nilikuwa nimejipanga, chupa ya chai, simu imejaa chaji, boksi langu, kufika saa kumi alfajiri hamna mechi. Chai ilikuwa bado ya moto.

Dalili ya mwisho haitokei uwanjani, ipo kwenye habari za kabla ya mechi. Ziara hizi ni ndefu, watu wanaondoka kwao Oktoba wanarudi Januari. Ile ya 2013 Jonathan Trott wa England alirudi nyumbani baada ya mechi ya kwanza, hali yake ya akili haikuwa sawa, na mwenzake Graeme Swann akastaafu katikati, baada ya mechi ya tatu. Ukiwasikiliza wale watangazaji wakiliongelea la Trott ndo utajua tofauti ya redio na matokeo ya kwenye programu. Programu inakuandikia tu kadakwa, mikimbio 10, alafu 9. Watu tuna tabia ya kucheka anayefungwa ugenini, ila na sisi tumewahi kuwa huyo mgeni, 1975 Kombe la Dunia la kwanza Afrika Mashariki walipeleka timu moja ya Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kule England, ikafungwa zote tatu. New Zealand waliwapiga 309, wetu wakamaliza ova zote 60 wana 128. Angalia lakini, ova zote 60 na wiketi 8 tu zimeanguka, hawakung'oka wote. Mi hiyo naihesabu.

Kidogo kuhusu kucheleweshwa kwa sauti maana ndo chanzo cha ugomvi mwingi. Redio ya intaneti inachelewa, nusu dakika, wakati mwingine zaidi. Programu ya matokeo inawahi. Ukiwa na vyote viwili umejiharibia, simu inatetemeka kukwambia wiketi wakati masikioni mrushaji ndo kwanza anaanza kukimbia. Zima taarifa zote. Na kama mko grupu, wekeni sheria, hakuna kuandika kitu mpaka ova iishe, kwetu aliyevunja anawalipia wenzake vocha. Wala usione ni jambo la leo, mwaka 1938 Waaustralia walikuwa wanatangaza mechi za England wakiwa studio Sydney, telegramu zinaingia za kila ova, mtangazaji anasimulia kama anaona na anagonga penseli kwenye kipande cha ubao iwe sauti ya beti. Watu wanasikiliza usiku mzima na wanajua kabisa ni penseli.

Nyumbani tumia sikio moja. Spika usiku wa manane chumba kimoja na familia ni kutafuta kesi, na masikio yote mawili yakizibwa mtoto akilia husikii, hiyo kesi ni mbaya zaidi. Kama huna spika na uko peke yako weka simu ndani ya bakuli la bati, mdomo wa spika uangalie chini, inapiga vizuri tu.

Siku ya tano. Mgeni aliyeshapoteza mfululizo watu wanamwacha, hata Waingereza wenyewe wanalala. We usilale. Kwenye kriketi timu iliyofungwa kila kitu bado inaweza kutafuta sare kwa kukaa tu, na kukaa kunasikika redioni kuliko kupiga. Sydney, Januari 9, 2022, Jumapili, England washafungwa tatu za kwanza, wanatakiwa wamalize siku bila kutolewa wote. Nilikuwa nafua uani, simu kwenye bakuli, huku ni saa nne na kitu asubuhi. Giza linaingia kule, waamuzi wakasema warushaji wa kasi wasirushe, ikabidi Australia watumie wa taratibu, Steve Smith ambaye ni mpigaji akapewa mpira, akamtoa Leach, zimebaki ova mbili na wiketi moja. Wapigaji waliobaki Stuart Broad na James Anderson, wazee wawili warushaji. Broad akamaliza ova yake. Inabaki mipira sita, Anderson na Smith, nimeshika shati la mtu lina povu sifui wala siliachi.

Hapo hapo babu akapiga. Yuko Upanga bado, anasikiliza kwake. Nikapokea, hakusalimia, akasema kijana unasikia? Nikamwambia nasikia Mzee. Kwangu mpira wa sita ukarushwa, Anderson akauzuia, sare, watu wanapiga kelele kwenye bakuli nikalifunika na shati haraka. Kwa sababu kule kwake nyuma ya sauti yake nilikuwa nasikia mtangazaji ndo anasema zimebaki mipira mitatu.